Kikohozi cha Jumbe Mstaafu

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wakijenga nyumba, wakitwanga mtama na kusengenyana visimani kama tufanyavyo sisi, palikuwa na kijiji kikiitwa Mikunazini. Sogeeni karibu, maana leo sina nguvu za kupaza sauti. Na wewe unayetafuna muwa hapo nyuma, tafuna kwa adabu.

Mikunazini ujumbe haukuwa wa kufia kitini. Jumbe alitawala zamu yake, na ikiisha anavua kilemba, anakabidhi usinga, anarudi kwake kula jasho lake. Hapewi posho, hapelekewi kuni. Kila mtu aliisifu desturi hiyo, hasa wale ambao hawajawahi kuwa majumbe.

Basi zamu ya Mbogo ikaisha. Mbogo yule mwenye kifua kipana kama mlango wa ghala. Akamkabidhi Ndovu usinga mbele ya watu wote, ngoma zikapigwa, kande zikaliwa, sufuria zikakwanguliwa, watu wakatawanyika.

Asubuhi yake Mbogo akaamka, akaenda mlangoni, akasimama. Akasimama weee! Mkewe, Mama Ndama, alikuwa jikoni akipuliza moto.

"Baba Ndama, unangoja nini hapo?"

"Nangoja mlango."

"Una nini mlango?"

"Haufunguki."

"Usukume, baba."

Mbogo akausukuma. Kweeee! Ukafunguka. Akashangaa sana. Muda wote wa utawala wake milango ilifunguka yenyewe akikaribia, na hakuwahi kujua kama ina uzito.

Nje hapakuwa na mtu. Hakuna wa kumwekea kigoda, hakuna wa kumpepea. Nzi wakamtua puani kwa raha zao. Akageuka kuutafuta usinga, akakumbuka uko kwa Ndovu.

"Mama Ndama," akasema, "sasa mimi nafanya nini?"

"Leo?"

"Leo, na kesho, na siku zote zinazokuja."

Mama Ndama akajifuta majivu, akapanda darini, akashuka na pakacha moja lililojaa. "Haya ndiyo maisha yetu, Baba Ndama. Mbegu za mtama. Nilizificha huku kwenye moshi wewe ukigawa vyakula karamuni. Mvua ikianza tunapanda. Hatuna kingine. Zikipotea hizi tutakwenda kuomba kwa watu, na mimi nitakufa kwa aibu kabla njaa haijafika. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Jembe lile pale. Shamba limeota magugu mpaka mlangoni."

Mbogo akalichukua jembe. Akaligeuza huku, akaligeuza kule, akalinusa.

"Upande upi ndio wa kushika?"

Mama Ndama akarudi jikoni akapuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka.

Mbogo akaona haya, nayo ilikuwa haya ya kweli. Akasema moyoni: jembe siliwezi, lakini kazi ni nyingi duniani. Nitatafuta nyingine.

Akaenda kwa Kima, msusi wa mikeka.

"Kima, nataka kazi."

Kima akaanguka kifudifudi. "Jumbe! Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Nataka kazi."

"Nisamehe, Jumbe, sitarudia tena!"

"Hutarudia nini?"

"Chochote nilichofanya!" Kima akaruka mtini, pwaa! Akapotea na ukili wake mdomoni.

Mbogo akabaki ameduwaa kati ya mikeka. Zamani watu wakimkimbilia, sasa wanamkimbia, na yeye hakuona kilichobadilika. Akajishika pembe, zilikuwepo. Akajitazama kwato, zilikuwa zile zile. Hakuelewa hata kidogo.

Hapo ndipo alipotokea Bi Nguchiro.

Nguchiro mnamjua? Mdogo kuliko paka, mwembamba, macho yanacheza kama samaki kwenye beseni. Alikuwa na kibanda njia panda, watu wakibadilishana nafaka: unampa mtama, anakupa kunde, unampa kunde, anakupa chumvi. Barazani alikuwa akikaa nyuma kabisa, chini ya tumbo la Twiga, na hakuna aliyepata kumwona. Alipenda asionekane, na mtajua kwa nini.

"Shikamoo, Jumbe!"

"Marahaba. Lakini mimi si jumbe tena, Bi Nguchiro."

"Maneno gani hayo! Kuvunjika kwa koleo ndiyo mwisho wa uhunzi? Mimi nina kazi hapa inamngoja mtu mkubwa kama wewe. Kazi ya heshima, mzee. Kazi ya kukaa."

Masikio ya Mbogo yakasimama. "Kukaa?"

"Kukaa. Kivulini, nyuma ya jamvi nililotundika. Na mara moja moja, nikikuomba, unakohoa."

"Nakohoa?"

"Unakohoa. Kisha unasema 'Amani'."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mzee."

"Sasa nakohoa kwa nini?"

"Kwani ulipokuwa jumbe ulikuwa ukikohoa kwa nini?"

Mbogo akalitafuta jibu. Swali lile lilimkwama kooni, na kidogo angekohoa pale pale.

Sasa ngojeni niwaambie desturi nyingine ya Mikunazini, maana bila hiyo mtatoka hapa mmechanganyikiwa kama Mbogo. Kule jumbe akikohoa, kila aliye karibu hufumba macho, kwa sababu mkubwa haonwi katika unyonge wake. Na ukishafumba hufumbui mpaka yeye mwenyewe aseme, "Amani." Watoto walifunzwa hivyo kabla ya kutembea. Ndovu hakuwa mtu wa kukohoa, kwa hiyo kikohozi kilichokuwa masikioni mwa watu kilikuwa kimoja tu, cha Mbogo.

"Nitalipwa?" Mbogo akauliza kwa sauti ndogo. Alikuwa hajawahi kuliuliza neno hilo.

"Mkono mtupu haulambwi, mzee. Kila jioni mganda wa majani mabichi na kipande cha muwa."

"Na kazi yenyewe inaitwaje?"

Nguchiro akafikiri kidogo. "Mshauri."

Mbogo akafurahi. Aliona amerudishiwa kipande cha kilemba chake.

Kesho yake akakaa nyuma ya jamvi kibandani. Nguchiro akaja na kamba ya ukili. Ncha moja akamfunga Mbogo mkiani, ncha ya pili akajifunga mwenyewe kiunoni.

"Na hii ya nini?"

"Ya itifaki, mzee. Nikiivuta, unakohoa."

Mbogo akalipenda sana neno hilo. Tangu astaafu hakuna aliyemtajia itifaki. Akanyoosha mkia vizuri.

Mteja wa kwanza alikuwa Fisi, na Fisi, kama mjuavyo, hakubali kupunjwa asipopunja yeye.

"We Nguchiro! Kibaba chako hiki kina kitako kinene! Pima tena!"

Kamba ikavutwa, nyuu! Mbogo akakohoa.

"Kho! Kho! Ghohooo!"

"Hewala, Jumbe!" Fisi akapiga goti, akafumba macho kwa mikono miwili. Nyuma yake Paa akafumba. Twiga akachomeka kichwa kwenye majani ya mkunazi.

Mbogo, kule nyuma ya jamvi, akasikia sauti: chaka-chaka-chaka. Kisha kamba ikalegea.

"Amani," akasema.

Fisi akafumbua macho, akakitazama kikapu chake, akajikuna. "Mbona kama... Haya. Labda ni njaa yangu." Akaenda zake.

Watu walipopungua Mbogo akauliza, "Bi Nguchiro, ile chaka-chaka ni nini?"

"Upepo, mzee."

"Mbona unavuma nikikohoa tu?"

"Kwani kikohozi ni nini, mzee, kama si upepo?"

Mbogo akalitafakari jambo hilo mpaka jioni. Akaona lina ukweli ndani yake. Lakini halikumtulia.

Akarudi nyumbani na mganda wake wa majani, kifua mbele.

"Nimepata kazi, Mama Ndama! Mshauri!"

"Alhamdulillahi. Unashauri nini?"

"Nakaa."

"Halafu?"

"Nakohoa."

Mama Ndama akaacha kusonga ugali, mwiko ukabaki hewani. "Unaumwa?"

"Siumwi. Ni kazi. Hivi: kho! Kho! Ghohooo!"

Mama Ndama akachota maji mtungini akampa kata. "Kunywa. Barazani kwako walifumba macho, sawa. Nyumbani kwangu anayekohoa anakunywa maji."

Mbogo akanywa. Akataka kumweleza vizuri kazi yake, akatafuta maneno, hakuyapata, kwa sababu hata yeye hakuielewa. Kuna mtu anafanya kazi asiyoielewa? Wapo wengi, wanangu, na baadhi yao wanatembea na fimbo za kifahari.

Siku zikaenda. Mbogo akakohoa, Nguchiro akanenepa. Kibanda kikaongezwa chumba, kikaongezwa ghala, ghala likaongezwa ghala. Mbogo alikuwa akiutazama mgongo wa yale maghala na kujiuliza: kunde zinatoka wapi? Wateja wanaondoka na vikapu vyepesi kuliko walivyokuja, na nyuso zimekunjamana, na hakuna anayesema neno. Lakini kila alipotaka kuuliza, kamba ilivutwa, nyuu! Naye akakohoa kwanza. Akishakohoa, swali lilikuwa limeshampotea.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Asubuhi moja, akiwa nyuma ya jamvi anapunga nzi kwa masikio, Mbogo akasikia sauti anayoijua kuliko zote.

"Hodi, Bi Nguchiro."

"Karibu, karibu, Mama Ndama! Leo nini tena?"

"Mbegu zangu za mtama hizi. Nataka nitoe kidogo nipate kunde, nipande katikati ya mistari. Kidogo tu. Nyingine zote narudi nazo."

"Kidogo tu, mama. Weka chini upumzike."

Kamba ikavutwa. Nyuu!

Mbogo akasita. Kitu fulani kilimwambia asikohoe. Lakini kitu gani? Hakukijua. Mkewe yuko pale, kazi iko pale, itifaki iko mkiani. Kamba ikavutwa tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mkia ukauma.

"Kho! Kho! Ghohooo!"

Mama Ndama alikuwa na lake nyumbani, lakini njia panda mbele za watu desturi ni desturi. Akafumba macho.

Chaka-chaka-chaka-chaka! Upepo wa siku ile ulivuma kwa muda mrefu.

"Amani," Mbogo akasema.

Jioni aliporudi hakukuta moto. Alimkuta Mama Ndama ameketi chini, miguu ameinyoosha, pakacha mbele yake. Juu mtama, safu moja nyembamba. Chini yake pumba tupu.

"Baba Ndama," akasema, "tumekwisha."

Mbogo akatumbukiza pua ndani ya pakacha. Pumba zikampanda puani, akapiga chafya. "Nani? Nani amefanya hivi?"

"Sijui. Sikuliacha hata kidogo. Nilikuwa nalo njia nzima."

"Basi haiwezekani! Na mimi nilikuwepo pale!"

"Ulikuwepo," Mama Ndama akasema. "Ukikohoa." Akafunika uso kwa kanga yake, akalia kwa sauti, yeye ambaye Mbogo hakuwahi kumsikia akilia hata siku ya mafuriko.

Mbogo akasimama katikati ya nyumba. Alitaka kumshika bega, akaogopa. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Kichwani mwake mambo yalizunguka: kukohoa, upepo, maghala, pumba. Yalizunguka kama kuku waliofungiwa, kila moja likigonga jingine, wala hayakujipanga. Lakini moja lilitulia: kesho ataangalia.

Kesho akafika kibandani mapema, akakaa, akafungwa kamba yake. Nguchiro alipogeuka, Mbogo akasukuma pembe kwenye jamvi taratibu. Puu! Tundu. Akaweka jicho.

Siku hiyo watu walijaa, maana mvua ilikuwa mlangoni na kila mtu alitaka mbegu. Fisi alikuwepo, Twiga alikuwepo, Kobe alikuwepo, na mbele yao wote alisimama Jumbe Ndovu mwenyewe na kapu kubwa la mtama, usinga mkononi.

"Bi Nguchiro," Ndovu akanguruma, "watu wangu wananilalamikia. Wanasema hapa kwako vitu vinapungua. Nimekuja nione kwa macho yangu!"

"Karibu uone, Jumbe!" Na Nguchiro akavuta kamba.

Mbogo akakohoa. Alikohoa kwa mazoea tu, jicho likiwa tunduni.

"Kho! Kho! Ghohooo!"

Lahaula! Fisi akafumba. Twiga akachomeka kichwa majanini. Kobe akaingia ndani ya gamba, chwi! Na Ndovu, jumbe mzima mwenye usinga, aliyekuja kuona kwa macho yake, akaangusha usinga na kuyafunika macho yake kwa masikio yote mawili, pwaa! "Hewala, Jumbe!" akasema, kwa sauti ya zamani, ya wakati alipokuwa mtu wa kawaida.

Na katikati ya macho yote yaliyofumbwa, Nguchiro alikuwa akitembea. Tuu, tuu, tuu, kwa vidole vya miguu. Akatumbukiza kibaba kwenye kikapu cha Fisi: chaka! Cha Twiga: chaka! Akachota pumba kwenye gunia, akamwagia juu yake mtama kidogo wa kuficha. Akauokota usinga wa Ndovu, akauchomeka kiunoni. Kisha akaruka ndani ya kapu la Ndovu, akaanza kuchota kwa mikono miwili.

Mbogo akayaona yote tunduni. Kumbe ndio upepo! Kumbe ndio ushauri!

Akasimama wima. Jamvi likaanguka, bwaa!

"Fumbueni macho!" akanguruma.

Hakuna aliyefumbua.

"Nasema fumbueni!"

"Usifumbue," Fisi akamnong'oneza Paa, "anatupima huyo."

"Sikupimi! Fumbua, Fisi!"

"Sifumbui, Jumbe! Mimi mtiifu!"

"Ndovu, wewe ndiye jumbe sasa! Fumbua macho, unaibiwa!"

"Sijasikia Amani," Ndovu akajibu kutoka nyuma ya masikio yake, akatulia tuli.

Nguchiro, ndani ya kapu, akacheka kimya kimya mpaka akajishika mbavu, akamnong'oneza Mbogo. "Piga kelele utakavyo, mzee. Hawafumbui mpaka useme Amani. Na ukisema, kabla hawajafumbua mimi nimeshakaa kwenye kigoda changu, mtu mwema, na wewe ndiye unayeonekana umevunja kibanda cha watu. Kaa chini. Nani atakupa kazi nyingine? Unajua nini zaidi ya kukaa?"

Neno hilo lilimchoma Mbogo mpaka kwenye mfupa, kwa sababu lilikuwa kweli. Akafikiria jembe asilojua pa kulishika. Akafikiria kuwa kikohozi kile ndicho kitu cha mwisho cha ukubwa wake, na kwamba leo kikijulikana kimetumika kwa kazi gani, hata salamu hatapewa. Akasema moyoni: nikisema, nimekwisha mimi. Nikinyamaza, amekwisha Mama Ndama.

Akaitazama kamba. Ilikuwa bado mkiani mwake, na ncha ya pili bado kiunoni mwa Nguchiro.

Basi Mbogo akafanya kazi aliyoijua kuliko kazi zote duniani. Akakaa.

Alikaa juu ya kamba, pu! Uzito wote wa Mbogo na wa miaka yake ya kitini. Kamba ikakazika, twaa! Nguchiro akaruka kwenda kigodani, kamba ikamrudisha ndani ya kapu, chali, kibaba kimoja kila mkono na usinga kiunoni.

"Amani," Mbogo akasema polepole.

Macho yakafumbuka. Kobe akatoa kichwa, wa mwisho kama kawaida.

"Haaa!" wakapiga kelele. "Mwizi! Mwizi wa mbegu! Kumbe ni yeye!"

"Mwizi mimi?" Nguchiro akajiinua kapuni, wala hakutetemeka. "Sawa. Lakini niulizeni nilijifunzia wapi. Nilikuwa barazani, chini ya tumbo la Twiga, sikufumba hata siku moja. Kila mtu akimuuliza huyu mzee swali gumu, anakohoa. Mnafumba. Mkifumbua, swali halipo, mnaulizwa habari za mvua. Mimi nimeiba vibaba tu. Yeye aliiba maswali!"

Wote wakamgeukia Mbogo.

"Kweli," Kobe akasema. "Mimi niliuliza. Ile miti ya daraja, tuliyoikata sote tukaibeba mabegani, ilikwenda wapi? Ukakohoa, mzee. Mke wangu akaendelea kuvuka mto kwa miguu mpaka siku ile maji yalipomchukua. Bado nauliza."

Koo la Mbogo likaanza kuwasha. Likawasha hasa! Kikohozi kilikuwa kimeshapanda, kiko hapa, na baadhi ya watu wakaanza kufumba macho kabla hakijatoka. Angekohoa tu, swali lingekufa, na kila mtu angerudi kwake.

Akameza. Machozi yakamtoka kwa kumeza.

"Sijui," akasema.

"Nini?"

"Sijui, Kobe. Sikujua siku ile, sijui leo. Sikumuuliza mtu. Nilikohoa kwa sababu niliona aibu kusema sijui, na mlipofumba macho nilipumua. Nisamehe."

Watu wakatazamana. Hawakuwa wamewahi kumsikia jumbe, aliyepo wala aliyetoka, akilitamka neno hilo. Fisi akamuuliza Paa, "Sasa hapa tunafumba au tunafumbua?" Paa naye hakujua.

Wakati wameduwaa hivyo, wakasikia: kriki, kriki, kriki... tup! Nguchiro alikuwa ametafuna kamba. Vumbi tu, na mkia ukiishia kichakani.

"Usinga wangu!" Ndovu akapapasa huku na huku. "Amekwenda na usinga wangu!" Nzi wakamtua kwenye mkonga.

"Utawazoea," Mbogo akamwambia.

Maghala yakafunguliwa, kila mtu akachukua kilicho chake, na hakukosekana mtu aliyechukua na kisicho chake. Sitaji jina lakini anacheka usiku. Mbogo akajaza pakacha la Mama Ndama, akalibeba mwenyewe kichwani. Njiani hakuna aliyemsalimia. Aliumia, na akaendelea kutembea.

Nyumbani akausukuma mlango, akaliweka pakacha miguuni mwa mkewe. "Mbegu zako hizi. Kazi imekwisha. Sasa nionyeshe upande wa kushika."

Mama Ndama akalitazama pakacha, akamtazama yeye, akamwekea mikono kwenye mpini wa jembe.

Mvua ya kwanza ilipokaribia walikuwa shambani wote wawili. Mbogo alilima kwa fujo, mistari yake imepinda kama njia ya mlevi, vumbi likitimka mpaka kooni. Kobe alikuwa akipita njiani Mbogo alipopaliwa na vumbi.

"Kho! Kho! Ghohooo!"

Mbogo akashtuka, akatazama upande wa njia. Kobe alikuwa amesimama, macho yake yote mawili wazi, anamtazama.

"Pole, mzee," Kobe akasema. "Maji unayo?"

"Ninayo."

"Haya. Kesho nitakuja kuuliza tena ile habari ya daraja."

"Njoo. Jibu bado sina. Lakini njoo na shoka, tukaanze kukata miti mingine."

Kobe akaenda zake, polepole kama walivyo kobe wote. Mama Ndama akampa mumewe kata ya maji, naye akanywa yote.

Mimi nimewaacha pale wakipanda. Nanyi mkifika kwenu kumbukeni hili: ukimfumbia macho mkubwa kila akikohoa, usishangae kukuta kapu lako limejaa pumba.